Ziwa Si Kituo cha Njiani: Mhadhara wa Kasese kuhusu Bujuku na Kitandara

Wazee wangu wa Bukonzo na Busongora, walimu, na ninyi vijana mnaoongoza wageni na kubeba mizigo yao, hamjambo nyote. Asanteni kwa kuja jioni hii ingawa mvua inatishia, na asanteni kwa kunivumilia nikizungumza Kiswahili cha mpakani, maana wengine tumekijifunzia sokoni Mpondwe kabla hatujakiona kwenye kitabu.

Nimeombwa kuzungumzia safari za Rwenzori, milima yetu hii ya mpakani mwa Uganda na Kongo. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba nisizungumzie kilele. Margherita ina wasemaji wake. Imo kwenye kalenda na mabango, na mita zake 5,109 hata watoto wa shule za msingi hapa wanazitaja bila kugugumia. Mimi nataka tuzungumzie maji yaliyo chini yake: ziwa Bujuku, lililokaa katikati ya milima ya Stanley, Speke na Baker, na maziwa mawili ya Kitandara yaliyo ng'ambo ya pili ya mlango wa Scott Elliot, yaani pito la juu kati ya milima. Hoja yangu ni kwamba mtu aliyetembea mpaka kwenye maji yale, akakaa, akarudi, amefika safari yake. Hakushindwa kitu. Nalisema hili kwa sababu naona vijana wetu wenyewe wakimwonea huruma mgeni aliyeishia ziwani, na mgeni naye akishuka kama mtu aliyefeli mtihani.

Fikra hii ya kwamba mlima ni kilele chake ina tarehe. Mwaka 1906 mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo, mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, alikuja na msafara mkubwa, na mwezi Juni akasimama juu ya Margherita. Ndani ya wiki chache vilele vikuu vyote vilikuwa vimepandwa, vimepimwa, vimepigwa picha na Vittorio Sella, na vimepewa majina: Margherita malkia wa Italia, Alexandra malkia wa Uingereza, na kadhalika. Milima yenyewe ikaitwa kwa majina ya wasafiri. Speke, kwa mfano, alifariki mwaka 1864 na hakuwahi kuiona Rwenzori, lakini ana mlima. Sasa angalieni chini ya vilele hivyo. Bujuku ni Bujuku. Kitandara ni Kitandara. Mahoma ni Mahoma. Mito ya Mubuku, Nyamugasani, Nyamwamba, yote majina ya nyumbani. Wageni walizipa majina sehemu walizozitaka, na mabonde yakabaki na majina ya watu waliokuwa wakiyatembea. Kambi kuu ya msafara ule ilikuwa Bujongolo, chini ya mwamba uliotokeza kama paa. Miamba ya namna ile ndiyo wawindaji wa Bakonzo walikuwa wakijisitiri chini yake zamani zote. Kwa hiyo tusikubali hadithi ya kwamba wenyeji waliogopa milima mpaka mzungu akaja kuwatoa hofu. Walijua njia, na walijua pia mahali ambapo mtu haendi bila shughuli.

Hapo ndipo penye utakatifu, na wazee walio mbele yangu wanaujua kuliko mimi, kwa hiyo nitapita kwa adabu. Kwa Bakonzo, Nzururu, ile theluji yenyewe, ni baba. Watoto wake ni Kitasamba na Nyabibuya, na mikononi mwao umo uhai wa watu: kuzaliwa, kukua, ukoo kuendelea. Kalisya anawamiliki wanyama wa porini, na mwindaji hakuingia msituni kabla hajaomba na kutoa sadaka. Maji nayo yana wenyewe. Mama yeyote wa bondeni atamwambia mtoto asicheze kwenye lindi la mto kana kwamba halina mtu. Mgeni akisikia hivi huuliza, «Basi ziwa lipi hasa ni takatifu?» Anataka aonyeshwe kwa kidole. Lakini huwezi kulikata ziwa ukalitenga na barafu inayolitazama na mto unaolitoka. Nyumba ni moja. Ziwa ni sebule tu, na wengi wetu tunakaribishwa mpaka sebuleni.

Wala hatuko peke yetu katika jambo hili. Nepali kuna ziwa liitwalo Gosainkunda, mita 4,380 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu kimo cha mlango wetu wa Scott Elliot. Kila mwaka, mwezi mpevu wa Agosti, Wahindu kwa maelfu hulipanda kwa miguu, wazee kwa vijana, kuoga maji ya mungu wao Shiva. Tibet kuna Manasarovar, iko juu zaidi, na pembeni yake mlima Kailash. Mahujaji huuzunguka mlima ule. Kileleni hawaendi, wala hakuna anayewaona wavivu. Maelfu ya watu wanatembea siku kadhaa ili wafike kwenye maji, na wakifika, wamefika. Sisi tunao mlima wa namna ileile, ila tumeurithi kwa ramani ya Duke wa Abruzzi.

Gosainkunda ina somo jingine, tena la kidaktari. Watafiti waliwapima mahujaji pale ziwani, wakakuta zaidi ya nusu wana ugonjwa wa mwinuko, na baadhi wamefikia hatua ya kuchanganyikiwa na kuyumba kama walevi. Sababu ni haraka. Walipanda kwa siku chache mno. Hapa kwetu watu hudhani kwamba ziwa, kwa kuwa si kilele, halina hatari. Ndugu zangu, kwenye mita 4,000 shinikizo la hewa limeshuka hadi kama asilimia 60 ya lile la pwani. Mapafu hayajui kama unakwenda ziwani au Margherita.

Njia ya kati inasaidia kwa sababu imejengwa kwa ngazi. Unaanzia Nyakalengija, kwenye mita 1,600 hivi, katikati ya mashamba ya kahawa na migomba. Unalala Nyabitaba, mita 2,650. Unavuka daraja la Kurt Shafer pale Mubuku na Bujuku zinapokutana, na siku hiyo ni ndefu na ya mianzi na mizizi, mpaka kibanda cha John Matte, juu kidogo ya mita 3,400. Siku ya tatu ndiyo ya Bigo.

Niruhusuni nikae Bigo kidogo. Watu huapia Margherita kwamba ndiyo ngumu. Mimi nasema aliyevuka Bigo kwa moyo mweupe ndiye mpanda mlima. Ni kinamasi chenye vichuguu vya majani magumu, kila kimoja kimesimama peke yake, na katikati yake tope jeusi lisilo na huruma. Siku hizi sehemu kubwa imetandikwa njia ya mbao, na waliobeba mbao zile mgongoni kutoka chini wanastahili sanamu mjini. Bila mbao unaruka kichuguu hadi kichuguu, ukikosea unazama hadi gotini, na gambuti linabaki chini wewe ukitoka na soksi. Msije na viatu vya ngozi vya duka la kifahari. Gambuti, tena la kukaza vizuri mguuni.

Lakini tazameni kinachoota pale. Miti ya erika imevaa ndevu za kijani kutoka kichwani hadi miguuni. Lobelia zinasimama kama nguzo, zipo za urefu wa mtu na zaidi. Seneshio zile kubwa, zenye vichwa vya majani kama kabichi, huacha majani makavu yakining'inia kwenye shina, na hilo ndilo koti lao la usiku, maana pale ni kiangazi kila mchana na kipupwe kila usiku. Kisha bonde linafunguka, na Bujuku iko mbele yako, kwenye mita 3,900 hivi, nyeusi asubuhi, ya kijivu mchana. Ukingo wake ni tope, kwa hiyo usitarajie ufuko wa kupigia picha ya harusi. Ukilala hapo usiku mbili badala ya moja, mwili wako utakushukuru, na ndipo unapoliona ziwa. Wengi huliona kwa nusu saa kupitia ukungu, wakilipita kuwahi kibanda cha Elena, cha wanaokwenda Margherita.

Kutoka Bujuku huna haja ya kwenda Elena. Unapanda korongo la seneshio mpaka mlango wa Scott Elliot, mita 4,370 hivi, kisha unateremka Kitandara. Kwa ladha yangu hapa ndipo mahali pazuri kuliko pote Uganda, na watu wa Kabale na ziwa lao la Bunyonyi wanisamehe. Siku inayofuata unavuka mlango wa Freshfield, unapita Bujongolo, unashuka mpaka kibanda cha Guy Yeoman, na safari nzima ya maziwa imekamilika bila kukanyaga barafu wala kuvaa meno ya chuma chini ya viatu.

Sasa angalieni maji yanakokwenda. Ya Bujuku yanashuka kwetu: mto Bujuku, kisha Mubuku, yanamwagilia mashamba ya skimu kule tambarare, yanaingia ziwa George ambako watu wa Kasenyi na Hamukungu wanavua, yanapita mfereji wa Kazinga hadi ziwa Edward, yanatokea Semliki. Ya Kitandara yanakwenda upande wa Kongo kwa mto Butawu, nayo yanaingia Semliki. Maji yaliyolala usiku mmoja pande mbili za mlango uleule yanaachana, yanazunguka nchi mbili, yanakutana tena kabla ya ziwa Albert, na kutoka hapo ni Nile. Mpaka wa Uganda na Kongo hayana habari nao, kama shangazi zetu wa Mpondwe siku ya soko.

Kuna swali ambalo vijana huniuliza kwa sauti ya chini: Nzururu ikiisha, Kitasamba atakaa wapi? Si swali la utani. Mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilikuwa kama kilomita za mraba 6.5. Kufikia 2003 ilikuwa imepungua chini ya kilomita moja ya mraba, na imeendelea kupungua. UNESCO ilitangaza mwaka 2022 kwamba barafu za urithi wa dunia hapa Afrika huenda zikatoweka ifikapo 2050. Mtoto aliyekaa pale mbele ataliona jambo hilo akiwa mtu mzima. La kidini siwajibii, wazee wapo. La maji naweza. Wataalamu waliopima mto Mubuku walikuta kwamba maji ya barafu ni sehemu ndogo sana ya mto. Mto ni mvua, iliyoshikwa na msitu, na kinamasi cha Bigo mnachokitukana, na maziwa haya. Barafu ikiisha mto hautakauka kwa sababu hiyo. Msitu na kinamasi vikiharibiwa, hilo ni jambo jingine kabisa.

Na tumekwisha kuliona. Februari 2012 moto ulichoma mimea ya juu katika bonde la Nyamwamba. Tarehe 1 Mei 2013 mvua ikanyesha, mto ukashuka na mawe makubwa kama nyumba, ukaingia Kilembe, hospitali na makazi. Wako waliosema milima imekasirishwa, na wako waliosema udongo ulikuwa uchi. Mimi nilizisikiliza pande zote mbili, na sikuona zikibishana sana.

Kwa hiyo mkienda, mambo machache. Moto nje ya jiko la kambi, hapana. Sabuni ziwani, hapana, hata ile inayoandikwa kwamba haina madhara. Kavera yako, mfuko wako wa plastiki, irudi nawe. Kelele punguzeni; pimbi wawili wakipita kwenye mwamba mtawaona tu mkinyamaza. Mwongozaji wenu akisimama mahali akasema neno au akaacha kitu, msimwulize bei wala msimwelekezee simu usoni. Akitaka kuwaeleza atawaeleza jioni, chai ikiwa mkononi. Na kichwa kikiuma, sema. Kikiuma zaidi, au mwenzako akianza kuyumba, au kukohoa akiwa amekaa kimya, mteremsheni usiku huohuo, hata kama ziwa liko mbele ya macho.

Msiokuwa na siku saba wala pesa za safari ndefu, ipo Mahoma. Siku tatu tu kutoka Nyakalengija, na ziwa liko chini kidogo ya mita 3,000, ndani ya ukuta wa mawe na udongo ambao barafu ya kale iliusukuma mpaka pale kisha ikarudi nyuma. Nendeni Juni hadi Agosti, au mwishoni mwa Desemba hadi Februari, ingawa Rwenzori ikitaka kunyesha haitazami kalenda. Wanaotaka kwenda likizo ijayo waandike majina kwa mwalimu aliyekaa mlangoni, na waandike pia namba ya gambuti, kwa sababu za kuazima zilizopo ni chache na nyingi ni za miguu mikubwa.