Maji ya Mtera, gesi ya Songo Songo

Ndugu zangu, mwaka 2011, wakati wa mgao wa umeme, nilikwenda Buguruni kumuuliza fundi kuhusu geti langu. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, miwani ya kuchomelea imepanda kwenye paji la uso, vijana wake wawili wamelala kwenye benchi. Jenereta anayo. Akiiwasha, petroli inakula faida yote. "Umeme ukirudi saa tano usiku, mzee, ndipo tunaanza kazi."

Uchumi unaposinyaa, huanzia hapo.

Mwaka ule maji ya bwawa la umeme la Mtera yalikuwa yamepungua mno. Mtera ina megawati 80, na maji yakitoka hapo yanashuka Ruaha Mkuu hadi Kidatu kwenye megawati 204. Mto mmoja ukipungukiwa, vituo viwili vinayumba. Nishati jadidifu, yaani inayojirudisha yenyewe, ndiyo, lakini mvua haisaini mkataba na mtu. Tukakimbilia mitambo ya mafuta, na mafuta hununuliwa kwa dola.

Hapa nina ugomvi na wanaoweka nishati zote zisizo jadidifu kapu moja. Dizeli inayoletwa kwa meli si sawa na gesi ya Songo Songo, kisiwa chetu huko Kilwa. Gesi ile iligunduliwa 1974, ikaanza kuzalisha umeme Dar es Salaam 2004. Itaisha siku moja, kweli, ila kwa sasa haingoji masika wala bei ya pipa la mafuta Uarabuni. Na mkaa nao? Vitabuni ni jadidifu kwa sababu mti huota. Lakini mti unaokatwa leo hauoti tena kabla ya gunia la kesho, na mama anayeununua kwa kopo analipa zaidi kuliko anayenunua gunia zima.

Sasa tuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024. Nimefurahi kwa moyo wote. Lakini Ruaha Mkuu nao unamwaga maji yake Rufiji, mto wa bwawa hilo, kwa hiyo ukame wa Usangu, bonde unakopita Ruaha Mkuu, bado unatuhusu.

Ndiyo maana nadai jua la Shinyanga na upepo wa Singida viingizwe kwa wingi. Kiangazi, mabwawa yakishuka, jua ndipo linapowaka kweli; umeme wake ukitumika mchana, maji yanabaki bwawani kwa ajili ya jioni, watu wanapowasha taa. Na yule fundi geti zake angezichomelea mchana, si saa tano usiku.