Mazuri Yapi?

CHANDE: Shikamoo, dada.

MAMA ZAI: Marahaba, Chande. Hujambo?

CHANDE: Sijambo. Wiki iliyopita kiti chako kilikuwa kitupu, na wasikilizaji wamenitumia ujumbe mpaka simu ikazima. Wengine wanadai tumegombana. Hebu waambie ulikuwa wapi.

MAMA ZAI: Nilikuwa Dodoma. Mimi na wenzangu kumi na mmoja wa kikoba, wale wa kule kwa mama. Tulipanda basi alfajiri, sare ya kitenge, chapati kwenye hotipoti. Tulikwenda bungeni kusikiliza swali letu likiulizwa.

CHANDE: Swali la zahanati.

MAMA ZAI: La boma. Zahanati bado haijawa zahanati. Ni lile boma ambalo nimelisema humu hadi mmelizoea. Matofali tulifyatua wenyewe, mchanga tukabeba kwa ndoo kutoka mtoni, kuta zikafika usawa wa lenta, mwaka 2018. Tukaambiwa simameni hapo, Serikali itamalizia. Sasa chumba kilichokusudiwa kiwe cha kujifungulia kimeota mpapai, na mpapai umeshazaa, Chande. Umezaa mle ndani kabla mwanamke yeyote hajazaa.

CHANDE: Mungu wangu. Basi tuelezane leo tunafanya nini. Kwa sababu ya safari hiyo nimeandaa mambo matano ambayo kila mwananchi ayajue kabla hajampelekea Mbunge wake swali. Yote nimeandika hapa. Lakini kwanza tupe safari kwa ufupi.

MAMA ZAI: Kwa ufupi. Haya. Simu tuliziacha mlangoni, tukapanda jukwaa la wageni, tukakaa. Saa tatu kamili Spika akaingia, ikasomwa dua, hati zikawekwa mezani, maswali yakaanza. Letu lilikuwa la sita. Mbunge wetu akasimama akauliza, Je, ni lini Serikali itakamilisha maboma ya zahanati yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi? Akataja kijiji. Kusikia jina la kijiji chetu ndani ya ukumbi ule, mweka hazina wetu alinishika mkono akaubana.

CHANDE: Mweka hazina ni yule bibi wa daftari la kijani?

MAMA ZAI: Huyo huyo. Akasimama Naibu Waziri. Sitamtaja, wala sitataja wizara, maana sijaja kumchongea mtu. "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo." Sisi shingo zote mbele. Akasema Serikali inatambua umuhimu wa maboma yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi, inawapongeza wananchi kwa kazi nzuri, na itaendelea kutenga fedha kwa awamu kadiri zitakavyopatikana. Akaketi.

CHANDE: Basi?

MAMA ZAI: Basi. Hata dakika haikutimia. Basi likatutoa alfajiri kwa ajili ya hiyo dakika. Halafu Mbunge wetu akasimama tena kwa maswali ya nyongeza, na neno lake la kwanza likawa hili: "Mheshimiwa Spika, pamoja na majibu mazuri ya Serikali, nina maswali mawili madogo ya nyongeza." Na mweka hazina, kwa sauti yake ile ya mnadani, akaniuliza, "Mazuri yapi?"

CHANDE: [anacheka] Kwa sauti?

MAMA ZAI: Safu tatu zilimsikia. Askari akatugeukia. Nikamwambia bibi, nyamaza. Akasema, nauliza tu, mazuri yapi? Yamesemwa lini? Nilisinzia?

CHANDE: [anacheka] Dada, pamoja na maelezo yako mazuri...

MAMA ZAI: Mazuri yapi? Umeona? Ndiyo imekuwa salamu yetu. Njia nzima kurudi. Kondakta akisema tunafika saa mbili usiku, basi zima linamwuliza, mbili ipi? Muuza mahindi pale njiani anasema haya ni matamu, mweka hazina anamwambia, matamu yapi? Watu waliokuwa wamekata tamaa wakawa wanacheka, na mimi nashukuru, maana bila kicheko kile tungerudi tunalia.

CHANDE: Ila nataka nikwambie kitu kuhusu neno hilo. Niliripoti Bunge miaka minne kwa redio ya mkoani. Neno hilo lina kazi yake pale ndani.

MAMA ZAI: Ngoja kidogo, sijamaliza, maana sehemu iliyoniuma ndiyo hii. Maswali yalipokwisha, Spika akaanza matangazo ya wageni. Akasoma, wageni wa Mheshimiwa fulani, ambao ni wanakikundi kutoka jimboni kwake, wasimame. Tukasimama. Wabunge wakatupigia meza. Wengine wakageuka kututazama wakitabasamu, wametupenda, kitenge chetu kimewapendeza. Na mimi nimesimama pale napunga mkono, Chande, mkono mtupu.

CHANDE: Pole.

MAMA ZAI: Tulipigiwa makofi baada ya kujibiwa. Nimelala nalo hilo siku tano.

CHANDE: Pole sana, dada. Nalichukua. Lakini wacha nimtetee Mbunge wako. Simtetei Naibu Waziri, nasema Mbunge. Katiba yetu, Ibara ya 63, inampa Mbunge haki ya kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Hiyo ndiyo silaha yake. Swali linaandikwa, linapelekwa kwa Katibu wa Bunge, linapewa namba, linaingia kwenye orodha ya shughuli za siku. Wizara inaandaa jibu. Jibu la kwanza karibu siku zote limeandikwa ofisini na mtu ambaye hajawahi kufika kijijini kwenu. Kwa hiyo uhai wa jambo uko kwenye nyongeza. Pale ndipo Naibu Waziri anaachana na karatasi. Na ukitaka mtu aachane na karatasi, humwanzi kwa kumpiga kofi.

MAMA ZAI: Nani kasema kofi? Angesema tu, Mheshimiwa Spika, nina maswali mawili ya nyongeza. Kwa nini aongeze "majibu mazuri"?

CHANDE: Kwa sababu kesho atamfuata huyo huyo kwenye korido. Nimeyaona haya kwa macho. Kazi kubwa ya Bunge inafanyika kwenye korido na kwenye mgahawa, Mbunge kashika bahasha ya kata yake, anamwambia, ndugu yangu, lile boma langu. Yule aliyemfokea mbele ya kamera hasikilizwi korido. Ni heshima, dada. Unavua viatu mlangoni. Kuvua viatu si kukubali kila utakachopewa ndani.

MAMA ZAI: Mimi sikwenda kutembelea. Nilikwenda kudai. Ukisema majibu ni mazuri, umeshatia sahihi kwamba umepokea. Mwenzako anakwenda zake, deni limelipwa.

CHANDE: Hakutia sahihi. Aliuliza nyongeza, au hakuuliza?

MAMA ZAI: Aliuliza. Ya kwanza, lini. Akajibiwa, tutaangalia katika bajeti zijazo. Zijazo zipi? Ya pili, kama Naibu Waziri yuko tayari kufuatana naye jimboni ajionee. Akajibiwa yuko tayari.

CHANDE: Hilo la pili ni ahadi! Limesemwa mbele ya Bunge. Limeingia Hansadi, kumbukumbu rasmi ya Bunge. Hilo ndilo namba tatu kwenye orodha yangu. Hansadi inaandika kila neno na inawekwa kwenye tovuti ya Bunge. Mwakani Mbunge wako anasimama anasema, kwa mujibu wa Hansadi ya tarehe fulani, Naibu Waziri alisema yuko tayari kuja, je, safari hiyo imeishia wapi? Hakuna swali linalomtoa Waziri jasho kama kusomewa maneno yake mwenyewe. Na mnakumbuka Januari 2016, Nape Nnauye akiwa Waziri wa Habari, alipotangaza kwamba TBC, televisheni ya taifa, haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja. Mimi nilikuwa kazini. Tuliobaki kushika yaliyosemwa tulishika Hansadi.

MAMA ZAI: Umeisoma ya siku yetu?

CHANDE: Nimeisoma jana.

MAMA ZAI: Pale kwenye nyongeza imeandikaje?

CHANDE: Imeandika... "pamoja na majibu mazuri ya Serikali."

MAMA ZAI: Kwa hiyo mjukuu wangu akija kuisoma, atasoma kwamba siku ile tulijibiwa vizuri.

CHANDE: Atasoma na lile swali pia.

MAMA ZAI: Atasoma kwamba tulijibiwa vizuri, Chande. Wewe unaniambia Hansadi ndiyo kumbukumbu, na kumbukumbu yenyewe inasema uongo kwa kinywa cha Mbunge wetu.

CHANDE: Uongo ni neno kali. Kila mtu ndani ya ukumbi ule anajua maana ya maneno yale. Ni kama mtu akikuuliza habari za nyumbani ukasema nzuri, halafu ndipo ukaeleza msiba. Hukudanganya. Umeanza na uungwana wa Kiswahili.

MAMA ZAI: Wale wa ndani ya ukumbi wanajua. Mweka hazina hajui. Ana miaka sabini, ameshika daftari lenye kila mfuko wa saruji tulionunua. Kwake neno zuri ni neno zuri. Na swali lile halikuwa la watu wa ndani.

CHANDE: Sawa, lakini wewe unataka Mbunge aseme nini? "Majibu haya hayana kitu"? Spika atamwambia aulize swali, asihutubie.

MAMA ZAI: Aseme, Naibu Waziri hakutaja mwaka. Maneno manne. Hayana tusi, hayana kofi. Hakutaja mwaka.

CHANDE: Na korido?

MAMA ZAI: Korido imetupa nini tangu 2018?

CHANDE: Hilo... siwezi kulijibu kwa boma lako. Naweza kukutajia maboma mengine ambayo nilishuhudia yakiezekwa kwa mazungumzo ya korido.

MAMA ZAI: Na mimi naweza kukutajia mwanamke aliyejifungulia juu ya bodaboda, njia ya kilomita kumi na nane. Hatutafika, Chande.

CHANDE: Hatutafika. Mimi bado naamini heshima inafungua mlango.

MAMA ZAI: Na mimi bado naamini inaufunga taratibu ili usisikie.

CHANDE: Haya. Kuna ujumbe wa sauti kutoka Mombasa, niuseme haraka kwa sababu unahusu. Ndugu yetu anasema kwao Katiba ya 2010 iliwatoa mawaziri bungeni, wakawa si wabunge tena, na swali la kijiji likawa linazungukia kwenye kamati. Mwaka 2023 wakaanza kurudi kusimama mbele ya ukumbi na kujibu. Anasema watu wa mashinani walilikosa lile la kumwona Waziri amesimama.

MAMA ZAI: Namwelewa. Pamoja na yote niliyosema, kumwona amesimama ni kitu. Sikatai. Ndiyo maana imeniuma, kwa sababu nilikithamini.

CHANDE: Mwingine anauliza, mbona hamkungoja Alhamisi mkaliuliza kwa Waziri Mkuu, papo kwa papo?

MAMA ZAI: Tulitaka! Tukaambiwa yale ni maswali ya kisera.

CHANDE: Ndiyo. Nusu saa ile ya Alhamisi Waziri Mkuu haletewi swali mapema, lakini ukimuuliza boma moja Spika anakukatisha, anakwambia hilo si la kisera. Ulitakiwa uulize kwa nini nchi nzima ina maboma yaliyosimama. Sasa jamani, mambo matano. Tuna dakika ngapi?

MAMA ZAI: Kwaya iko mlangoni, inangoja chumba. Naona wameshashika kinanda.

CHANDE: Dakika nne. La kwanza basi. Jua jambo lako ni la nani. Barabara ya wilaya na ya kijiji ni ya TARURA tangu 2017, barabara kuu na ya mkoa ni ya TANROADS. Maji vijijini ni RUWASA tangu 2019. Ukilipeleka pasipo pake, Waziri anasimama anasema hilo ni la wenzetu, na zamu yako imekwisha. Kwa walio Zanzibar, afya si jambo la Muungano, kwa hiyo swali la kituo cha afya cha Pemba haliji Dodoma, linakwenda kwa Mwakilishi wako, Baraza la Wawakilishi kule Chukwani, linajibiwa na Waziri wa SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

MAMA ZAI: Wifi yangu wa Wete alilikosea hilo. Alimfuata Mbunge miezi mitatu.

CHANDE: La pili, mpe Mbunge hesabu. Mifuko ya saruji, tarehe, urefu wa njia...

MAMA ZAI: Daftari la kijani.

CHANDE: Daftari la kijani! Hivi Mbunge aliwahi kuliona?

MAMA ZAI: Hajawahi. Hatukumpelekea. Tulimpelekea barua ya maombi, nusu ukurasa, nyingi ni salamu.

CHANDE: Dada, hapo ndipo... wanagonga. Ndiyo, tunatoka! Dakika moja tu, jamani.

MAMA ZAI: La tatu mpaka la tano utayasema wiki ijayo. Nitumie ule ukurasa wa Hansadi, nikauchapishe duka la steshenari. Jumamosi tuna kikao, nitawasomea.

CHANDE: Utausoma wote? Na pale aliposema yuko tayari kuja?

MAMA ZAI: Nitausoma wote, na pale aliposema yuko tayari nitaparudia mara mbili kwa ajili yako. Na nikifika kwenye "majibu mazuri" nitasoma kama lilivyoandikwa. Halafu nitamtazama mweka hazina.