Mwanga wa Barazani: Mazungumzo na Vijana Wapiga Picha, Zanzibar

Assalaam alaykum. Nimeombwa nizungumzie uzuri wa kila siku, nami nitaanza na mwanga.

Hapa Zanzibar tuko takriban nyuzi sita kusini mwa Ikweta. Jua letu huchomoza na kuzama upesi, karibu wima, kwa hiyo ule mwanga laini wa asubuhi na jioni haukai. Saa sita mchana jua liko utosini na macho ya mtu yanageuka mashimo meusi. Ndiyo maana wengi wetu tunangoja jioni, tunakwenda Forodhani kupiga machweo na majahazi, kisha tunarudi nyumbani. Machweo ni mazuri, siyakatai. Lakini mchana mzima umetupita!

Saa sita hiyohiyo ingieni vichochoroni Mji Mkongwe. Jua linapiga ukuta wa chokaa kule juu, linadunda ukuta wa pili, na likifika barazani limeshapoa. Mwanga ule naupenda kuliko taa yoyote ya studio.

Mtaani kwetu kuna mama anayeshona kofia barazani. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, vitobo vidogovidogo, kila kimoja kinazungushiwa uzi. Kazi ya wiki nyingi, na watu wanaipita kama haipo. Ukiielekezea simu, kofia inatoka ya kijivu, kwa sababu kamera ikijaa weupe hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Basi gusa kioo palipo na kofia, kisha ongeza mwanga kidogo kwa mkono wako. Halafu sogea mpaka mwanga uje kutoka ubavuni. Hapo kila kitobo kinapata kivuli chake, na mishono inainuka. Mimi hapo ndipo moyo unaponidunda, mpaka leo.

Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali, alifungua studio yake mwaka 1948. Alipiga uani, kwa mwanga wa mchana, na pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka ya kitandani kwake, yenye tamvua. Kwa kawaida mteja alipata picha moja tu, maana filamu ilikuwa ghali. Kwa hiyo alimtazama mtu kwanza: bega lake, mkono wake, mkunjo wa gauni. Sisi tunapiga hamsini bila kutazama hata mara moja. Na hapahapa kwetu, Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio mwaka 1930. Aliwapiga masultani, lakini alipiga na mitaa pia, na leo ni zile za mitaa ninazozitafuta, nione watu walivyovaa na walivyokaa.

Jambo la mwisho, na hili nalisisitiza. Yule mama si pambo la kichochoro. Mpigie shikamoo, kaa, ongea naye, omba ruhusa. Akikataa, amekataa, kunywa kahawa yako uende zako. Akikubali, picha isafishe umpelekee mkononi, kwenye karatasi. Wengi wameshapigwa na wageni mara nyingi, na picha zenyewe hawajaziona.

Sasa toeni simu zenu. Pale mlangoni mwanga umeshaanza kuingia ubavuni, na nataka kila mmoja atazame kwanza kabla ya kubonyeza.