Kienyeji Wako Kafikaje Hapa?

Ndugu zangu, habari za kisu leo naziruka. Kila nikisimama kuzungumzia nyama, swali la kwanza ni lile lile: kachinja nani? Swali zuri, sina ugomvi nalo. Mimi nauliza yaliyotangulia kisu.

Hapa Dar mtu akitaka kuonekana mstaarabu anakwambia, "Broila sili, mimi ni kienyeji tu." Kwa nini? Ladha, halafu eti kuku yule kaishi maisha yake: kaparua, kaoga vumbi, kalala mtini. Kweli kabisa. Broila ndani ya wiki sita kifua kimejaa mpaka miguu inamshinda. Lakini kienyeji wako katoka wapi? Singida. Kilomita 700 hivi, na tiketi ya siti hakukatiwa. Kasokomezwa kwenye tenga, juu ya tenga kumepandishwa tenga, wa juu wanawanyea wa chini, jua la Dodoma lote lao, maji hakuna. Tenga likifunguliwa sokoni, wengine wameshakufa. Mnacheka! Na safari haijaisha. Anafungwa miguu pamoja na wenzake, ananing'inizwa kichwa chini kwenye usukani wa bodaboda, foleni yote ya Ubungo. Kuku hana kiwambo kati ya kifua na tumbo kama sisi. Ukimgeuza, matumbo yanalalia vifuko vya hewa, kila pumzi anaipigania. Huyo ndiye uliyemlipia bei ya juu kwa sababu aliishi huru.

Kuna anayenong'ona pale nyuma: "Watu hela ya nyama hawana, huyu anamlilia kuku." Haya, tuongee hela. Aliyefia tengani ni kibudu. Hasara hiyo unadhani mfanyabiashara anaimeza mwenyewe? Ng'ombe aliyesimama kwenye lori kutoka Shinyanga hadi mnada wa Pugu, kachoka, kachapwa fimbo, nyama yake hutoka nyeusi na ngumu, na palipovilia damu panakatwa panatupwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008. Waliozaliwa mwaka ule wameshamaliza kidato cha nne, tenga bado liko juu ya tenga!

Wengine mnahama ng'ombe kwenda kuku kwa huruma. Pigeni hesabu. Ng'ombe mmoja wa asili hutoa kilo 100 za nyama na zaidi. Kwa kuku wa kilo moja na nusu, hao ni zaidi ya 60. Umemhurumia mmoja, umechinja sitini.

Ninachotaka ni kidogo. Aliyening'inizwa usimnunue. Muulize muuzaji kuku kafika lini, kanywa maji? Ukipata aliyefugwa hapa jirani, Kibaha au Mkuranga, chukua huyo, hata kama ni broila, mradi banda halikujazwa kupita kiasi. Ndiyo, nimesema hata broila.

Nilitaka nigusie mayai ya vizimbani, maana Umoja wa Ulaya vile vizimba vya waya visivyo na kiota wala kijiti cha kutua vimepigwa marufuku tangu 2012. Na samaki, na punda... Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, maswali. Yule anayetaka kujua kama mimi mwenyewe nakula nyama: nakula. Aanze mwingine.