Nani Alikesha Lindo? Taarifa ya Mwezi ya Sherifu, na Sisi wa Mtaa

(Mazungumzo kwenye kikao cha vikundi vya ulinzi shirikishi, Dodoma. Yameandikwa kama yalivyosemwa)

Mbukwenyi! Ee, naona wenyeji wapo. Wazee shikamooni, akina mama poleni na huu upepo, vijana wa boda mambo vipi. Hilo turubai mtu alishike kona ile, likiruka linaenda mpaka Nzuguni saa hivi.

Mwenyekiti kanipa dakika ishirini, sijui kama anajua amempa nani, mimi nimekaa jeshi la polisi mpaka nikastaafu nikiwa stesheni sajenti, na kazi ya sajenti ni kuongea wenzake wakiwa wamesimama kwenye jua. Nyie angalau mmekaa.

Basi bwana. Mtoto wa dada yangu yuko Marekani, Texas, anaendesha lori. Kila mwezi ananirushia kwa wasapu taarifa ya mwezi ya polisi wa kaunti anayokaa, anasema mjomba ona polisi wenzako. Mara ya kwanza nikasema hizi ni zile posti za kusifiana, kamanda yupo katikati, tai nyekundu, anakata keki. Kweli keki ilikuwepo. Lakini nikasoma mpaka chini na mpaka leo sijaacha kusoma, na nilichokiona mle ndo nimekileta hapa.

Tuelewane kwanza hili neno kaunti maana tukisikia kaunti akili inaenda Kenya, kule zipo 47 kwa katiba yao ya 2010, ila kaunti ya Kenya haina polisi wake, polisi ni wa nchi nzima kama huku kwetu. Marekani ni habari nyingine. Kule kaunti, yaani vipande vya jimbo, zinapita 3,000, na karibu kila moja ina sherifu wake, ndo mkuu wa polisi wa kaunti. Msimchanganye na masharifu wa pwani, huyu cheo chake kimetoka Uingereza ya zamani sana, alikua msimamizi wa mfalme kwenye jimbo. Na sehemu kubwa ya Marekani sherifu hapangwi na makao makuu, anapigiwa kura na wananchi, mara nyingi kila miaka minne. Hebu fikiria RPC, kamanda wa polisi wa mkoa, anapita hapa Majengo sokoni na gari la matangazo anaomba kura zenu. Mnacheka, kule ndo kazi ilivyo.

Na ukubwa unatofautiana vibaya mno. Ipo kaunti Texas hukohuko inaitwa Loving, sensa yao ya 2020 ilikuta watu 64. Sitini na nne! Na sherifu wanae. Alafu ipo San Bernardino kule California ina kama kilomita za mraba 52,000, mkoa wetu wote wa Dodoma, ukichukua Kondoa, Chemba, Bahi, Chamwino, Mpwapwa, Kongwa na jiji lenyewe, unafika kama 41,000 hivi. Los Angeles ndo usiseme, kaunti moja watu milioni 10, sisi mkoa mzima kwa sensa ya 2022 ni milioni 3 na kidogo.

Kazi zao pia si doria tu. Sherifu ndo anaendesha mahabusu ya kaunti, analinda mahakama, anapeleka samansi na amri za mahakama majumbani kwa watu, na anazungukia vijiji ambavyo havina polisi wa mji. Kwahiyo ile taarifa ya mwezi ukiifungua hukuti askari wa barabarani peke yake. Unakuta mlinzi wa mahabusu, unakuta wanaopokea simu za dharura, karani wa mafaili, mbwa (kweli, mbwa wa polisi anastaafu na picha yake inawekwa), fundi wa magari. Nani kaapishwa, nani kapanda cheo, nani katimiza miaka kumi kazini, nani anaondoka. Alafu ndo zinakuja hesabu, simu ngapi zimepigwa, wangapi wamekamatwa, mahabusu walikuwemo wangapi.

Hao wa simu nataka niwaseme kidogo. Namba yao ni 911, simu ya kwanza ilipigwa tarehe 16 Februari 1968, mji mdogo unaitwa Haleyville kule Alabama. Sisi ni 112, na nauliza hapa mbele za watu, nani amewahi kumfikiria anayeipokea? Mnampigia mnamfokea, mpo wapi nyie tunaibiwa! Yeye anamsikia mama analia upande wa pili, usiku, hawezi kuondoka kwenye kiti, kazi yake ni kuuliza uko wapi mama, karibu na nini. Wenzetu wametenga wiki nzima mwezi wa nne kwa ajili ya watu wa kiti hicho tu, na kwenye taarifa ya mwezi huo hukosi kuwakuta.

Sasa nifike kwenye kilichoniuma. Kuna utaratibu wanao wengi kule, askari akistaafu, siku ya mwisho, anakaa kwenye gari lake na redio, wa kituo anamuita kwa namba yake kama kawaida, anaitika, alafu yule wa kituo anasoma hewani, kila gari linasikia, kwamba huyu ameanza kazi mwaka fulani, kafanya lindo fulani, leo anatoka zamuni kwa mara ya mwisho, asante, sisi tutaendelea na zamu. Na akiwa ni askari aliyekufa kazini wanamuita hivyohivyo, mara ya kwanza kimya, mara ya pili kimya, mara ya tatu kimya. Mimi nilitumiwa video nikaitazama nimekaa kibarazani, mke wangu akaniuliza una nini, nikamwambia vumbi.

Maana nilimkumbuka koplo mmoja. Kituo sikitaji na yeye simtaji, lakini ni hapahapa mkoani. Huyu koplo alikaa kaunta miaka mingi sana na kipaji chake kilikua kimoja, alikua anaongea Kigogo cha ndani kabisa. Bibi anatoka kijijini huko kaibiwa ng'ombe wawili, Kiswahili kinampa shida, kijana kaunta anamwambia mama nenda kwanza kwa mtendaji. Koplo anasimama, anamkalisha, anamsikiliza nusu saa, ng'ombe ana baka wapi, sikio limekatwa vipi, anaandika kwenye kitabu cha matukio, anampa namba yake ya RB, ile ya kumbukumbu ya taarifa aliyoitoa, kwenye kikaratasi na anamfundisha jinsi ya kuitaja akirudi. Mnajua wangapi walipata ng'ombe wao kwa sababu baka liliandikwa vizuri? Sijui, na hakuna anayejua, kwasababu hakuna mtu aliyewahi kuandika sehemu yoyote kwamba huyu mtu yupo. Taarifa yetu ya mwezi ilikua inapanda juu kila mwisho wa mwezi, makosa makubwa kadhaa, makosa madogo kadhaa, yaliyo mahakamani kadhaa, upelelezi unaendelea. Namba tupu. Alistaafu siku ya Ijumaa, tukanywa soda, akarudisha sare stoo, akasaini, akapanda daladala ya Sabasaba. Mwezi uliofuata akaja bibi mwingine akamuulizia, akaambiwa hayupo, akageuza akaondoka.

Basi, hoja yangu ni kwamba na sisi wa mtaa tuwe na karatasi yetu ya kila mwezi, na kama mtu anataka kuondoka kuwahi soko anaweza kuondoka nayo. Taarifa ya mwezi inayofaa ni ile inayokuonesha kazi aliyoifanya mtu ambae humuoni. Ya kamanda tunaiona wenyewe, mbona.

Lakini jamani nisije nikawapamba sana, za kwao zina kasoro na nimezisoma za kutosha kuziona. Ya kwanza ni hiyohiyo kura. Sherifu akikaribia uchaguzi ghafla yupo kila ukurasa, anagawa midoli, anabeba watoto, kura hiyo inaombwa kwa karatasi ya serikali. Nyie hamna kura ya polisi lakini mnayo ya mwenyekiti wa mtaa, (samahani mwenyekiti, nimeona umejigeuza kwenye kiti) kwahiyo karatasi yetu ikianza kuwa na picha zako sita tutajua mwaka wa uchaguzi umefika.

Ya pili ni picha za waliokamatwa. Kule ofisi nyingi zilizoea kumpiga mtu picha akikamatwa na kuitupa mtandaoni, na mtu hajafika hata kwa hakimu. California wakatunga sheria 2021 kuzuia polisi kuposti picha za waliokamatwa kwa makosa yasiyo ya fujo. Na sisi wa grupu za wasapu za mtaa tusijifanye wasafi. Nani hapa hajawahi kuforwadi picha ya kijana kafungwa kamba imeandikwa MWIZI HUYU MJUENI? Katiba yetu ibara ya 13 inasema wazi mtu aliyeshtakiwa asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mimi nimeona kijana alipigwa mpaka akalazwa, kumbe pikipiki ilikua ya kaka yake na alitumwa mafuta. Alieposti aliifuta picha. Mgongo wa yule kijana haufutiki. Kwahiyo kwenye karatasi yetu picha ya mtuhumiwa hakuna, jina lake hakuna, hilo halina mjadala hata mkipiga kelele.

Ya tatu hesabu. Wanaandika mwezi huu tumekamata wengi zaidi, kila mtu anapiga makofi. Ukiongeza doria utakamata zaidi, haina maana wezi wamezaliana. Na kuna namba ikipanda ni dalili nzuri, mfano kesi zinazofika dawati la jinsia na watoto la polisi, mtaa ambao kesi ni sifuri kila mwezi mimi huo ndo unaniogopesha, maana kupigwa kupo ila mdomo umefungwa. Kwahiyo ukiandika namba andika na neno moja kwanini.

Sasa wengine mtasema huyu mzee anatuletea ya Wazungu. Hapana. Wale masherifu kupitia chama chao cha taifa walianzisha ulinzi wa majirani mwaka 1972, majirani kuangaliana nyumba na kuita polisi. Huku kwetu Wasukuma na Wanyamwezi miaka ya mwanzo ya themanini walianzisha sungusungu wala hawakutumiwa barua na mtu, ng'ombe walikua wanaisha. Mwaka 2011 polisi wa mji unaitwa Hawthorne kule California wakabuni jambo wakaliita ni kahawa na polisi, askari anaenda mgahawani anakaa anaongea na watu bila ishu yoyote, likasambaa nchi nzima. Nilicheka! Kijiwe cha kahawa? Askari wa zamani wa hapa alikua anajua nani kanunua betri mpya ya gari kabla hata gari halijawaka, kwasababu asubuhi alikaa na wazee kwenye kashata. Polisi kata wetu nae siku hizi anajitahidi, nimemuona pale nyuma, afande usijifiche.

Kwahiyo vitu vyenyewe tunavyo, tulichokosa ni kuandika. Na nianzie penye kidonda, mchango wa ulinzi. Kila nyumba inachangia na kila mwezi kuna mtu anauliza hela zinaenda wapi, alafu anaacha kutoa, alafu kikundi kinakosa betri za tochi, alafu mnaibiwa, alafu mnasema kikundi hakifanyi kazi. Karatasi ya mwezi ianze hapo. Zimeingia shilingi ngapi, zimetoka ngapi, tochi ngapi, filimbi ngapi, gambuti jozi ngapi, makoti ya baridi yamenunuliwa au bado, maana mwezi wa saba hapa Dodoma usiku baridi inakata na hawa vijana wanakesha na fulana. Zilizobaki nazo ziandikwe, hata kama ni mia tano.

Baada ya hapo ndo watu. Msiandike fulani ni mchapakazi na mwadilifu, hayo maneno ya kwenye msiba. Andika alichofanya. Kijana wa lindo la karibu na korongo alisikia mbuzi wanalia saa tisa usiku akaenda kuangalia, mlango wa zizi ulikua umeng'olewa bawaba moja. Basi inatosha, msomaji mwenyewe atajua ni mchapakazi. Na mumuulize kwanza kama anataka kuandikwa, wengine hawataki wezi wajue zamu zao, kwahiyo ratiba ya malindo isiwekwe kabisa, naomba mlisikie hilo, kuna mtu atataka kuiweka ili karatasi ionekane imejaa.

Ukurasa mmoja, ubandikwe ofisi ya mtaa na gengeni, wasapu baadae. Ikizidi ukurasa mtafungia vitumbua.

Naona mama umenyoosha mkono muda. ... Anauliza na wao wanaopika chai ya doria wataandikwa au ni wanaume wa marungu tu. Mama, unachemsha saa ngapi? ... Saa sita na saa tisa. Kila usiku? ... Isipokuwa Jumapili. Na sukari anatoa nani? ... Wewe. Toka lini? ... Toka mwaka juzi.

Mwenyekiti, umesikia. Katibu andika hiyo iwe ya kwanza juu kabisa, kabla ya tochi, na kwenye matumizi weka kilo za sukari tunazodaiwa na huyu mama. Kalamu hii hapa, usipotee nayo.