Mizinga ya Montmartre: mwaka ambao Paris ilipigwa mara mbili

Wakubwa zangu shikamooni, na rika langu mambo vipi. Leo niko juu ya kilima cha Montmartre hapa Paris. Hilo kanisa jeupe nyuma yangu ni Sacré-Cœur, wengi mmeshaliona kwenye picha. Mimi lakini nimepanda ngazi zote hizi kwa ajili ya mizinga iliyokuwa imepangwa hapa juu mwezi Machi 1871, kabla kanisa halijajengwa. Wafaransa wanauita ule mwaka, kuanzia Julai 1870, "mwaka wa kutisha", na kwangu mimi moyo wa habari yote uko hapa hapa kilimani.

Nianze haraka na vita yenyewe. Ufaransa ilitawaliwa na Napoleon III, mtoto wa ndugu yake yule Napoleon mnayemjua. Kiti cha ufalme wa Hispania kilikuwa wazi, akatajwa jamaa wa ukoo wa mfalme wa Prusia, dola kubwa ya Kijerumani, Wafaransa wakaona watabanwa pande zote mbili. Jamaa akajitoa, lakini Paris ikadai ahadi kwamba jambo hilo halitarudi tena. Bismarck, waziri mkuu wa Prusia, akachukua telegramu iliyoeleza mazungumzo ya mfalme wake na balozi wa Ufaransa, akaipunguza maneno mpaka ikasomeka kama tusi, akaipeleka magazetini. Tarehe 19 Julai Ufaransa ikatangaza vita. Hazikutimia hata wiki saba, Napoleon III akajisalimisha katika mji wa Sedan pamoja na jeshi lake. Tarehe 4 Septemba watu wa Paris wakatangaza Jamhuri.

Vita haikuisha. Wajerumani wakaja wakauzingira mji huu kuanzia tarehe 19 Septemba. Barua zikawa zinatoka kwa maputo, majibu yanarudi kwa njiwa. Waziri Gambetta mwenyewe aliondoka kwa puto tarehe 7 Oktoba, kutoka pale chini mnapoona watu wamekaa, uwanja wa Saint-Pierre, akaenda kukusanya majeshi mikoani. Watu wakala farasi, kisha mbwa, paka, panya. Tembo wawili wa bustani ya Jardin des Plantes, Castor na Pollux, waliuawa na nyama yao ikauzwa. Kisa hicho cha tembo hupendwa sana kusimuliwa, lakini hebu jiulizeni, nani alimudu kununua nyama ya tembo? Matajiri. Maskini wa kilima hiki walipanga foleni kwenye baridi kali kusubiri mkate, na kufika Januari mgawo ulikuwa gramu 300 kwa siku.

Na watu hao hao wenye njaa ndio waliochanga pesa za kutengenezea mizinga. Mtaa kwa mtaa, kikosi kwa kikosi cha Walinzi wa Taifa, yaani raia wa mji waliopewa silaha kuulinda. Shikeni hilo.

Tarehe 18 Januari 1871, Paris ikiwa bado inapigwa mabomu, Wajerumani walikusanyika katika ikulu ya Versailles wakamtangaza Wilhelm I kuwa Kaizari. Kwa sisi Watanzania jina hilo linatuhusu: ndiye aliyetia saini mwaka 1885 hati ya ulinzi iliyompa Carl Peters nguvu Tanganyika.

Siku kumi baadaye yakaja mapatano ya kusimamisha vita. Jimbo la Alsace likaenda kwa Wajerumani, na sehemu ya Lorraine, pamoja na fidia ya faranga bilioni 5. Bunge jipya, lililojaa watu waliotaka mfalme arudi, likamweka Adolphe Thiers aongoze. Posho ya faranga moja na nusu kwa siku, iliyowalisha Walinzi wa Taifa na familia zao, wengi wakakatiwa. Kodi za nyumba zilizolimbikizwa wakati wa mzingiro zikaanza kudaiwa.

Kisha alfajiri ya tarehe 18 Machi Thiers akatuma wanajeshi waje hapa kuichukua mizinga. Walifika watu wamelala, wakaiteka bila shida. Ila farasi wa kuivuta walichelewa! Kukapambazuka. Akina mama wakatoka majumbani, wakawazunguka askari, wakaanza kuzungumza nao. Jenerali Lecomte akaamuru wapige risasi. Wale vijana wakakataa, wakageuza bunduki vitako juu. Jioni ile Lecomte na jenerali mwingine, Clément-Thomas, waliuawa kwa kupigwa risasi mtaa wa jirani, na Thiers alikuwa ameshakimbilia Versailles na serikali yake.

Mji ukachagua utawala wake, Komuni. Iliishi miezi miwili tu. Ilifuta kodi za miezi ya vita, ikatenganisha kanisa na dola, ikakataza waokaji mikate kufanyishwa kazi usiku, ikaamuru maskini warudishiwe bure vitu vidogo walivyoweka rehani. Tarehe 21 Mei jeshi la Versailles likaingia. Kwa wiki moja Wafaransa waliwaua Wafaransa barabara kwa barabara. Komuni nayo iliua mateka, akiwemo Askofu Mkuu Darboy, na ikulu ya Tuileries ikateketea. Lakini waliouawa na jeshi ni wengi mno: wanahistoria wengine wanasema karibu 7,000, wengine 20,000 au zaidi. Siku ya mwisho watu 147 walipigwa risasi ukutani, makaburi ya Père Lachaise.

Maelfu wakapelekwa uhamishoni Kaledonia Mpya, katika bahari ya Pasifiki, akiwemo Louise Michel, mwalimu wa mtaa huu. Bustani ya hapo chini leo ina jina lake. Huko walikutana na Waalgeria waliohamishwa vilevile. Maana Machi ile ile, chini ya kiongozi wao El Mokrani, Wakabylia, watu wa milima ya Algeria, walikuwa wameasi utawala wa Kifaransa, ilhali askari wa Algeria walikuwa wameifia Ufaransa kwenye vita hiyo hiyo na Prusia, Agosti 1870 kule Wissembourg. Watu wa Komuni walisamehewa mwaka 1880, wakarudi. Waalgeria wale walisubiri mpaka 1895, na jambo hilo linaniuma kila nikilitaja.