Ukimpa Mtu Tawi, Mpe na Habari Zake

MPWA: Haya karibuni tena jamani, leo tunaongea maua tu, na Shangazi hapa keshaanza kunikata jicho hata hatujafika mbali.

SHANGAZI: Kwa sababu ya hilo "tu" lako. Endelea mwanangu.

MPWA: Yaishe basi. Leo ni kugawana maua ya nyumbani, yaani umekaa zako, mtu anapita anaona bogenvilia imewaka pale getini anakwambia naomba tawi. We unafanyaje?

SHANGAZI: Nampa, ila simkatii ile ncha. Watu wanapenda kuchuma ile ncha laini ya kijani maana ndo ina maua, anaenda kuichomeka kwenye kopo na kesho kutwa imeshalala. Bogenvilia inataka tawi lililokomaa, lile limeshaanza kuwa kahawia, nene kama penseli hivi, urefu shibiri moja inatosha, unakata chini kidogo ya kifundo maana hapo ndo mizizi inapenda kutokea, alafu majani unayatoa karibu yote na maua unayatoa yote.

MPWA: Yote? Si ndo alichokuja kuombea huyo mtu?

SHANGAZI: Yote. Tawi halina mizizi, halina pa kunywea, sasa ukiliachia majani na maua linapoteza maji kutwa nzima na hakuna yanayoingia. Na kwanza hayo unayoita maua sio maua. Si nimekuletea moja hapo mezani, hebu waambie unaona nini.

MPWA: Enhee ninalo. Naona vitu vitatu vya zambarau, vyembamba kama karatasi, vina mishipa mishipa... kweli bana, ni mishipa ya jani hii. Alafu katikati kuna vijibomba vitatu, kila kimoja kimeshikwa kwenye jani lake, na kimoja kimefunguka juu kina kinyota cheupe, kidogo kweli.

SHANGAZI: Hicho cheupe ndo ua. Hizo za zambarau ni majani yaliyogeuka rangi kuwaita wadudu. Na ndo maana rangi inakaa wiki na wiki wakati ua lenyewe linanyauka mapema.

MPWA: Na hilo jina refu lilitoka wapi?

SHANGAZI: Kwa nahodha wa Kifaransa, Louis-Antoine de Bougainville. Meli zake zilipita Brazili mwaka 1767 na mtaalamu wao wa mimea, Philibert Commerson, akaukusanya huko. Ila Commerson alikuwa na msaidizi wa kumbebea mizigo na kuchuma mimea, Jeanne Baret, mwanamke aliyevaa kiume safari ile maana meli za jeshi la majini la Ufaransa zilikuwa hazipandishi wanawake. Ndo mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Kazi kafanya yeye, ua likapewa jina la nahodha, mi hiyo inaniudhi mpaka leo.

MPWA: Duh. Sasa kuna malalamiko hapa, msikilizaji anasema aliomba tawi kwa rafiki yake, la rafiki limejaa rangi, lake ni majani matupu mwaka mzima, anahisi alipewa dume.

SHANGAZI: Hakuna dume wala jike hapo, ua la bogenvilia lina vyote viwili ndani yake. Hilo tawi limedekezwa. Kila jioni maji, kila akikumbuka mbolea, na pengine liko kivulini. Mbolea yenye naitrojeni nyingi inasukuma majani. Aliweke pale jua linapopiga masaa sita hivi kwa siku, aache udongo ukauke kabisa ndo amwagilie tena, na hiyo mbolea aisahau kwanza. Ataona.

MPWA: Kumbe ni roho mbaya kidogo inatakiwa.

SHANGAZI: Kwa bogenvilia, ndiyo. Usiende ukamfanyia hivyo haidranjea, atanyauka mchana mmoja. Na hiyo nayo ina kesi zake, mtu anapewa tawi la ua la bluu, likikua kwake linatoa la pinki, urafiki unaingia nyongo. Hamna aliyemdanganya mwenzie, ni udongo. Kwenye udongo wenye asidi ile aluminiamu ya ardhini inayeyuka, mmea unaivuta, ua linakuwa bluu, udongo usipokuwa na asidi haivutiki na ua linabaki pinki. Ila yale meupe hata uyapeleke wapi hayageuki bluu.

MPWA: Kwa hiyo ukimpa mtu tawi unatakiwa umpe na maelezo.

SHANGAZI: Ndo ninachopigania mimi. Jina, jua au kivuli, na la muhimu kuliko yote, kama lina sumu. Olianda watu wanagawiana kama njugu, na mmea mzima ule ni sumu, jani, ua, kijiti, hata likishakauka, hata moshi wake ukilichoma. Una mtoto anayetambaa au mbuzi hapo uani mi sikupi, nuna tu. Waridi la jangwani nalo utomvu wake watu walikuwa wanapaka kwenye mishale ya kuwindia, sasa we unalikata mikono mitupu alafu unafikicha macho.

MPWA: Kuna ua ambalo hugawi kabisa hata mtu akiwa hana mtoto wala mbuzi?

SHANGAZI: Gugumaji. Wee usicheke, ua lake zuri mno, zambarau na kidoa cha njano, na uzuri huo huo ndo uliolitoa Amerika Kusini likazunguka dunia, mtu anaweka kwenye kibwawa chake, bwawa linafurika linaingia mtoni, leo maziwa mazima yamefunikwa na boti hazipiti. Lantana pia nina wasiwasi nayo, ndege wanakula matunda yake wanaenda kuangusha mbegu porini huko, we umekaa hujui kama umegawa kwa watu mia.

MPWA: Na upande wa pili, mi ndo nimepewa. Naingia nalo moja kwa moja nalipanga na mengine?

SHANGAZI: Thubutu! Litenge wiki mbili. Geuza majani uangalie chini, angalia pale jani linapokutana na kijiti, ukiona vitu kama pamba ni vidung'ata hivyo, wadudu wadogo wanaonyonya utomvu wa mmea. Na ukiona sisimizi wanapanda wanashuka usiseme aa sisimizi tu, wanafuata utamu unaotolewa na vidung'ata na vidukari, kwa hiyo hata kama hujawaona wenyewe ujue huenda wapo. Kitambaa chenye spiriti unawafuta mmoja mmoja, kazi ya redio inaimba huku unafuta.

MPWA: Swali la mwisho, huyu alipewa tawi la franjipani, nene kabisa, akalipanda siku hiyo hiyo akamwagilia, chini limeanza kuoza. Anauliza bado kuna matumaini?

SHANGAZI: Alilipanda na kidonda kibichi. Franjipani ukilikata linatoa maziwa, unaliweka kivulini wiki moja au mbili mpaka pale lilipokatwa pakauke pafunge, ndo unalipanda kwenye udongo wenye mchanga mwingi, na maji usiyakimbilie mpaka uone majani yanaanza kuchomoza.

MPWA: Na hilo lililooza sasa?

SHANGAZI: Alichomoe, alikate kuanzia chini kidogo kidogo na kisu kisafi mpaka afike penye nyama nyeupe isiyo na doa, alafu alikaushe upya kama nilivyosema. Akikata mpaka juu anakuta weusi tu, basi arudi kwa yule aliyempa aombe jingine, ila asubiri joto lianze, kwenye baridi franjipani linalala na mizizi halitoi.